Vitufe vya Shangazi Mwanamkuu

Kila siku nikitoka shule napitia mtaa wa Ngarenaro, kwenye duka la shangazi Mwanamkuu la kuchapa na kutoa nakala. Nabadili sare, nakula makande yaliyobaki mchana, kisha nakaa dukani yeye anapokwenda kuswali alasiri. Kazi yangu ni kupokea wateja tu. Kompyuta siruhusiwi kuigusa.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, lakini shangazi aliipanga atakavyo. Kwenye programu ya kuchapia alitengeneza menyu yake mwenyewe yenye vitufe kumi na viwili: Harusi, Kipaimara, Hitima, Barua ya Mtendaji, Msiba wa Kilutheri na vinginevyo. Yeye ni Mwislamu, ibada ya Kilutheri haijui. Mpangilio wake wote alielekezwa na mwinjilisti mmoja miaka sita iliyopita, akauweka kwenye kitufe. Akikibonyeza, kurasa nne zinafunguka tayari, anabaki kujaza majina na kuweka picha.

Wiki nzima kompyuta ilikuwa ikileta ujumbe wa Kiingereza wenye rangi za kung'aa: muonekano mpya uko tayari, sasa au baadaye? Shangazi alikuwa akibonyeza "baadaye" huku amekunja uso. Alhamisi ile, alipokwenda kuswali, mimi nikabonyeza "sasa". Nilitaka kuona tu. Ukaja ujumbe mwingine, mrefu. Nikausoma nusunusu, nikabonyeza "ndiyo".

Lo! Kilichofunguka kilikuwa kinyaa kitupu. Kila kitu kimepauka kama uji wa mgonjwa, vialama vidogo visivyo na majina vimejazana pembeni, na vitufe vya shangazi havipo hata kimoja. Nikazima skrini, nikafungua daftari la Sayansi, nikajifanya nasoma.

Shangazi alirudi pamoja na mteja, Mzee Philemoni wa Oldonyo Sambu. Mke wake alikuwa amefariki, mazishi ni kesho asubuhi, na gari la kumrudisha nyumbani lingempitia saa kumi na mbili jioni. Alileta majina kwenye karatasi na picha ya marehemu kwenye flashi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya uchovu. Shangazi akampa pole, akachomeka flashi na kuwasha skrini.

"Kha! Hii nini? Menyu zangu ziko wapi?" Uso ulimkunjamana kama aliyekanyaga uchafu. "Salwa, umegusa hapa?"

"Hapana, shangazi."

Akamwita Stanley, fundi wa kompyuta wa mlango wa pili. Stanley akatazama kidogo, akaiona flashi.

"Hivyo ni virusi, mama. Vimeingia na hiyo flashi. Dawa ni kufuta kila kitu, tuanze upya."

"Na kazi zangu za miaka sita?"

"Zitaondoka. Lakini mashine itapona."

Shangazi akaichomoa flashi kwa ncha za vidole, akamrudishia mzee bila kumtazama. Mzee Philemoni akavua kofia.

"Mnisamehe sana, mama. Flashi ni ya mjukuu wangu Lesian, sikujua ina ugonjwa." Akanigeukia hata mimi. "Nisamehe, binti."

Mzee aliyefiwa, kofia mkononi, ananiomba radhi mimi! Nilijionea kinyaa mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Stanley naye alikuwa ameshavuta kiti, mikono iko juu ya kibodi.

"Usifute, kaka Stanley!" nilipiga kelele. "Si flashi ya babu. Ni mimi! Nilibonyeza ule muonekano mpya."

Shangazi alinitazama kwa jicho lililouma kuliko kama angenipiga.

"Kulikuwa na maandishi," niliendelea huku nalia. "Yalisema menyu za zamani zitaondolewa, lakini nakala yake inawekwa kwenye folda. Sikusoma mpaka mwisho."

Stanley akajikuna kichwa, maana naye alikuwa ametaja virusi bila kupima. Akapekua folda, akapata faili lenye tarehe ya siku hiyo, akalirudisha kwenye programu. Vitufe vikajitokeza mwisho kabisa wa skrini, vimesinyaa, lakini vyote kumi na viwili.

"Sura ni ileile ya kuchefua," shangazi alisema, akabonyeza Msiba wa Kilutheri. Kurasa nne zikafunguka.

Saa kumi na mbili kasorobo nakala zote zilikuwa mezani. Shangazi akamwomba mzee radhi, kisha akanisukuma mbele.

"Babu, nisamehe. Nilikuacha ubebe kosa langu."

Mzee Philemoni aliitazama picha ya mke wake juu ya karatasi. "Nkasiogi wangu hakumpenda mtoto mwongo," alisema. "Lakini aliyesema mwenyewe alimpa maziwa."

Niliinamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama wazee wa kwao wanavyowasalimia watoto. Kisha akalifuata gari lake.

"Sikiliza, Salwa," shangazi alisema. "Menyu zimerudi, ya kubonyeza yamekwisha. Kilichonichefua ni wewe kukaa kimya unamtazama mzee wa watu anaomba radhi kwa kosa lako, siku ya msiba wake. Ukikosea, sema hapohapo, kabla mwingine hajasingiziwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Kompyuta ikaleta ujumbe mwingine wa Kiingereza. Shangazi akausonya, kisha akasogeza kiti chake pembeni.

"Njoo unisomee. Wote, mpaka mwisho."