Bahasha Mbili za Mzee Edmund

Pale Kalenga, mtu wa kwanza kuamka nyumbani kwake alikuwa Tekla. Ukungu bado umelala mashambani, yeye keshawasha moto, keshabandika uji, keshawapa kuku pumba. Ndipo humwamsha mumewe, Edmund. Na kazi zote hizo alizifanya akiimba.

Katika kwaya ya akina mama kanisani, Tekla ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alisimama mbele, kitabu wazi mkononi, akaimba beti zote bila kukosea. Watu walisema, "Mama Faustina kitabu chote anacho kichwani."

Hawakujua kwamba walikuwa wanasema kweli tupu. Tekla hakujua herufi hata moja. Wimbo akiusikia mara mbili umeingia, hautoki tena. Kitabu alikishika ili afanane na wenzake.

Siri hiyo aliijua Edmund peke yake. Karatasi zote za nyumbani alisoma yeye. Lakini ugonjwa wa sukari ulimharibu macho. Sasa akitazama maandishi anaona kama mchwa wanatembea. Basi dawa zake zikawa mikononi mwa Tekla. Kidonge cheupe ni cha sukari, kimoja asubuhi kabla ya kula. Cha pinki ni cha presha, kimoja jioni. Tekla alizikariri rangi kama alivyokariri nyimbo.

Mwezi wa Januari, zahanati ikaletewa dawa ya presha ya aina nyingine. Nayo nyeupe. Muuguzi akatia vidonge kwenye bahasha mbili, akaandika vizuri juu ya kila moja.

"Mama, maelekezo utayasoma?"

Nyuma ya Tekla walikuwa wamepanga foleni wanakwaya wenzake wawili. Angesemaje?

"Nitasoma, mwanangu."

Nyumbani akavitazama vidonge. Vyeupe hivi, vyeupe vile. Akashika bahasha moja, akampa mumewe asubuhi, akampa na jioni kutoka bahasha ileile. Alidhani ameshika hii asubuhi na ile jioni. Kumbe Edmund alikuwa anakunywa dawa ya sukari mara mbili, ya presha hanywi kabisa.

Asubuhi ya siku ya tatu, Edmund alikuwa amelowa jasho, anatetemeka mwili mzima.

"Baba Faustina! Unanisikia?"

"Wewe nani?" Edmund akauliza.

Miaka thelathini na nane ya ndoa, anaulizwa yeye ni nani. Tekla hakuimba asubuhi ile.

Walimpakia kwenye pikipiki ya jirani, wakamfikisha zahanati. Wakamtundikia dripu, sukari iliyokuwa imeshuka mno ikapanda, akamtambua mkewe. Muuguzi akazitazama bahasha. Moja haijaguswa.

"Mama yangu," akasema polepole, "ungeniambia husomi ningekuchorea. Kila siku nawachorea watu hapa." Akachora jua kwenye bahasha moja, mwezi kwenye nyingine. "Dawa ya sukari ukiizidisha, inaua."

Habari ikafika Mgololo, anakofanya kazi binti yao Faustina. Akapiga simu siku hiyohiyo.

"Mama, Pasaka nakuja kumchukua baba. Atakaa kwangu."

Edmund akadakia, "Mgololo nikafanye nini? Shamba langu liko hapa. Makaburi ya wazazi wangu yako hapa."

"Basi mniambie, dawa atazisoma nani? Michoro wakisahau kuichora, je?"

Tekla akamtazama mumewe. Nyumba ile bila Edmund aliiona, na aliiona tupu.

Jirani yao aliitwa Esnath, mwenyeji wa Mbeya aliyeolewa Kalenga. Alifundisha watu wazima kusoma, Jumatatu na Alhamisi saa kumi jioni, kwenye baraza la kanisa. Hakulipwa. Alipewa mafunzo ya siku chache huko Mlandege mjini, akarudi na ubao mmoja na chaki.

Tekla alimfuata mpaka shambani.

"Kamwene, Mama Faustina," Esnath akamsalimu kwa Kihehe. "Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mwalimu, nina jambo. Usicheke."

"Nani amecheka?"

Tekla akasema yote. Esnath akaweka jembe chini. "Uje Alhamisi," akasema. "Tuko watano. Na Saulo fundi baiskeli yupo, ana miaka sabini na moja."

Wiki mbili zikapita. Esnath alisoma ukurasa kwa sauti, wanafunzi wakafuatisha, kisha mmoja mmoja akasoma peke yake. Tekla alisoma vizuri kuliko wote. Kidole kinatembea chini ya maneno, sauti imenyooka.

"Huyu alikuwa anatudanganya," Saulo akanung'unika. "Huyu ana shahada huyu."

Tekla akafurahi. Hata yeye aliamini kwamba anasoma.

Alhamisi moja upepo ukafunua ukurasa bila yeye kuona. Tekla akaendelea kusoma ukurasa uliotangulia: Baba analima nyanya. Mama anamwagilia. Kitabuni palikuwa na habari za ng'ombe.

Saulo akacheka mpaka akakohoa. "Mama, nyanya ziko wapi hapo? Ng'ombe wamezila?"

Tekla akafunga kitabu. Akasimama, akajifunga khanga, akaondoka.

Esnath akamkuta njiani. Wakatembea, mpaka Tekla akasimama.

"Mimi kichwa changu hakishiki herufi, mwalimu. Acha Faustina amchukue baba yake."

"Kichwa chako kinashika mno, ndiyo shida. Nikisoma mimi kwanza, masikio yako yanadaka kila kitu, macho yanakaa bure. Kosa ni langu. Nilipaswa kuliona mapema." Akanyoosha mkono. "Kesho nakuja kwako. Nitolee bahasha za Mzee."

Kesho yake Esnath hakusoma neno kwa sauti. Alinakili maneno ya kwenye bahasha, akayakata vipande vipande: a, su, bu, hi. Ji, o, ni. Ka, bla. Akavichanganya kwenye ungo kama mtu anayepepeta mahindi.

"Mimi sisemi kitu leo. Tafuta mwenyewe."

Ilikuwa kazi. Tekla alitoka jasho. Aliweka ni penye bu, akatoa, akarudisha. Edmund, amekaa kwenye kigoda, akasema, "Sasa naona unasoma. Unanuna kama mimi nilivyokuwa nanuna shuleni."

Esnath akabadilisha na mafundisho ya barazani. Kila mmoja alete karatasi yake ya nyumbani. Asitangulie mwalimu kusoma. Maneno yachanganywe kila siku, na anayekosea asichekwe. Saulo akaleta karatasi ya mbolea, akamwambia Tekla, "Nisamehe, dada yangu. Mimi mwenyewe hii nimeishika kichwa chini."

Tekla alisoma polepole kuliko wote sasa. Lakini alisoma.

Faustina alifika Alhamisi kabla ya Pasaka, na begi tupu la nguo za baba yake. Wakaenda zahanati pamoja. Muuguzi akashika kalamu achore jua.

"Usinichoree," Tekla akasema. "Andika tu."

Foleni ikanung'unika nyuma yake. Safari hii hakugeuka. Akaweka kidole. "Su-ka-ri. Ki-mo-ja. A-su-bu-hi. Ka-bla ya ku-la." Akashika ya pili. "Pre-sha. Ki-mo-ja. Ji-o-ni."

Faustina akazichukua bahasha zote, akazificha nyuma ya mgongo, akazibadilisha, akatoa moja.

"Na hii?"

Tekla akaanza upya, herufi kwa herufi, bila haraka. "Pre-sha."

Jioni ile begi lake lilipanda juu ya kabati, tupu vilevile.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa. Edmund alikaa benchi la mbele. Wimbo ukaanza, na kwa mara ya kwanza Mama Faustina akabaki nyuma. Wenzake wamemaliza mstari, yeye yuko katikati. Faustina, aliyesimama karibu yake, akamnong'oneza:

"Mama, mbona leo unachelewa?"

Tekla hakuinua macho kitabuni.

"Niache," akasema. "Nasoma."