Bawa la Gari la Mwalimu

Walilishika bati moja kwa pamoja. Duka la vifaa lilifurika watu Jumamosi hiyo, na hilo ndilo lililokuwa bati la alumini la mwisho.

"Dada, mimi natengeneza mabango. Nina kazi ya mtu," alisema kijana mwenye ovaroli lenye madoa ya rangi.

"Na mimi natengeneza bawa la gari, la kukandamiza nyuma chini." Huyo alikuwa mwalimu wa fizikia, kavaa gauni la maua, vidole vyeusi kwa grisi. "Bila hilo nyuma inateleza kwenye kona, na mashindano ya magari ni mwezi ujao."

Kijana akacheka. Mwalimu hakucheka. Basi kijana akaliachia bati, akaomba namba ya simu.

Wiki tatu walikata na kukunja bati kwenye karakana ya mabango. Mwalimu alibandika nyuzi kwenye buti ili waone upepo unavyopita, akaendesha, kijana akamfuata kwa gari la kazi, simu kwenye spika.

"Nyuzi zimelala vizuri, mpenzi!"

"Mpenzi wako nani?"

"Naongea na bawa."

"Liambie linisikilize mimi," alisema mwalimu, na wote wakaangua kicheko.

Asubuhi ya mashindano mwalimu alilikuta gari karakanani bila bawa. Kijana hayupo, simu haipatikani. Juzi kijana alimwambia, "Ukikimbia hivyo naogopa." Kumbe ndiyo njia yake ya kumzuia! Mwalimu akameza machozi, akaondoka na gari hivyo hivyo.

Kwenye mzunguko wa majaribio, nyuma iliteleza nusura agonge ukuta. Aliposhuka, kijana alikuwa anakuja mbio na bawa begani.

"Mguu wake mmoja wa chuma ulikuwa na ufa. Lingeng'oka ukiwa kwenye kasi! Nimetoka kuuchomelea."

"Ungeniambia!"

"Simu iliisha chaji, nami nikakimbilia kwa fundi bila kuacha hata karatasi. Nimekosa, mpenzi."

"Nilidhani hutaki nikimbie."

"Naogopa, ndiyo. Lakini nataka ukimbie."

Mwalimu akanyoosha mkono. "Lete spana."

Alimaliza wa nne kati ya kumi na wawili. Alivua helmeti, nywele zimeloa jasho.

"Kona zilishika?" kijana aliuliza.

"Zote. Sikiliza, kesho baba yupo nyumbani. Njoo useme unachotaka kusema."

"Akikuuliza kama unanitaka, utajibu nini?"

"Aliuliza wiki iliyopita. Nilimwambia ndiyo."