Wawili Kwenye Mkondo Mmoja

— Nani huyu mwanamume?

Fundi hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mitambo ya kurushia filamu, koti zito mwilini kwa ajili ya baridi ya chumba kile, na mumewe amesimama mlangoni anahema.

— Mwanamume gani?

— Huyo unayetazama naye tamthilia kila jioni.

Kazini mume huyo walimwita Sauti Tamu, maana ndiye aliyewapokea wateja waliopiga simu kulalamika kwamba filamu zinakwamakwama. Leo utamu wote ulikuwa umemkauka. Wivu ulimshika tangu wiki iliyopita, alipoona kwenye kompyuta yake jina la mkewe na la mwanamume asiyemjua, wote kwenye mkondo mmoja wa tamthilia. Kesho yake tena, na keshokutwa yake vilevile.

— Unaanza wewe, yeye anafuata. Mnaambizana nini?

— Mume wangu, keti.

— Siketi.

— Basi sikiliza ukiwa umesimama. Watu wengi wakiomba tamthilia ileile wakati mmoja, hatumtumii kila mtu ya kwake, njia ingejaa. Tunatuma moja, wote wanatazama hiyo. Aliyechelewa anapewa kile kipande cha mwanzo kilichompita, halafu anaendelea na wenzake. Hiyo ndiyo kazi inayonileta hapa.

— Mbona mko wawili tu?

— Skrini yenu inaonyesha aliyefungua mkondo na aliyeingia mwisho. Mimi nafungua mapema nipime kama unakwenda sawa. Yeye labda anachelewa kutoka kazini. Njoo uwaone wa katikati.

Majina yakashuka kwenye kioo mpaka macho yakamchoka. Jirani yao alikuwemo. Bosi alikuwemo, yeye na kujidai kwake kwamba hatazami upuuzi.

— Na huyu?

— Mama.

— Haya, mama mkwe naye anakutongoza?

Sauti Tamu akacheka kidogo, moyo ukamtulia. Hapo hapo simu yake ikalia, ujumbe umeingia.

"Kaka, mimi ni mke wa yule uliyempigia asubuhi ukamwambia aachane na mkeo. Nilikuwa karibu, nimesikia yote. Nimefunga sanduku langu. Asante kwa kunifumbua macho."

Fundi aliusoma akichungulia juu ya bega lake.

— Ulimpigia?

— Nilikuwa na hasira.

— Namba uliichukua kwenye taarifa za wateja?

Sauti Tamu akaizima skrini ya simu.

— Wiki nzima unalala ubavuni kwangu, hukuniuliza mimi. Ukaenda kumuuliza yeye.

— Nakupenda, mke wangu. Niliogopa.

— Mpigie huyo dada. Weka sauti ya nje.

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

— Dada, nisamehe. Nimemsingizia mumeo. Yeye hamjui kabisa mke wangu.

— Leo asubuhi ulikuwa na uhakika. Nitakuaminije sasa? Huyo mkeo mwenyewe anasemaje?

Fundi akainyakua simu.

— Dada, mimi ndiye mkewe. Fungua sanduku lako, ukae na mumeo. Hajui hata sura yangu. Wa kuondoka nyumbani leo ni mimi.

Akamrudishia mumewe simu mkononi, akavua koti la baridi, akalitundika msumarini na kutoka bila kuubamiza mlango. Sauti Tamu akabaki akilitazama koti msumarini.

— Kaka? yule dada akauliza kwenye simu, sasa kwa upole. Bado upo?