Kinyozi Aliyefungiwa Chumbani

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, kinyozi alikunywa glasi moja ya pombe. Si ya starehe, alisema, ni ya kutuliza mkono. Na kweli, bila glasi ile mkono ulitetemeka, na nani atamkabidhi kidevu chake kinyozi anayetetemeka? Glasi moja ikawa mbili, mbili zikawa chupa. Kufika mchana alikuwa chakari, na wateja walioketi kungoja zamu ghafla walikumbuka kuwa wana haraka.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa amechoka. Mumewe alishakula viapo mpaka akaishiwa vya kuapia. Lakini tusidanganyane, mwanamke huyu alimpenda mumewe, na aliogopa jambo moja tu: kwamba pombe itamuua.

Dada wa kinyozi ndiye aliyekuja na ushauri. Alidai kuwa ulevi ni ukaidi. Mtu akifungiwa siku tatu bila hata tone, ataacha, apende asipende. Mama Pacha akapiga moyo konde. Jumamosi walimfungia kinyozi chumbani na ndoo ya maji, blanketi na redio. Mwenyewe alikubali, maskini ya Mungu, maana hata yeye alikuwa amejichoka.

Jumapili asubuhi alilowa jasho na kutapika. Wifi akafurahi, eti ulevi ndio huo unatoka. Mchana kinyozi akaanza kufukuza mende ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu. Kisha wakasikia kishindo. Walipofungua mlango walimkuta sakafuni, mwili umekakamaa, miguu ikipigapiga. Wifi akakimbilia kijiko amtie mdomoni.

"Usimtie kitu mdomoni," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa jirani yao, nesi, aliyesikia kishindo kile kwake. Akasogeza stuli kando asijigonge, akamwekea kinyozi nguo laini chini ya kichwa, akamlaza ubavu. Hapohapo akaagiza gari.

Hospitalini, kwenye benchi nje ya wodi, Mama Pacha alilia kwa kwikwi. Alisema amemuua mumewe kwa mkono wake mwenyewe.

"Hukumuua, Mama Pacha, ila mmecheza na hatari," nesi alimwambia. "Mwili uliozoea pombe kila siku, miaka nenda miaka rudi, ukinyimwa ghafla unaweza kupata kifafa. Mtu anaweza hata kufa. Mtu kama huyu anaachishwa na daktari, kwa dawa, huku anaangaliwa."

Wifi aliuliza, kwa sauti ndogo sana, kama ule haukuwa ukaidi. Nesi akamjibu kuwa ni ugonjwa, na ugonjwa haufungiwi kufuli.

Daktari alipotoka na kusema mgonjwa amezinduka na anaendelea vizuri, Mama Pacha alishusha pumzi. Alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakuona haya.

Kinyozi alilazwa siku sita. Mkono ukatulia. Nesi akawaambia wasishangilie mapema, kwa sababu pombe imetoka mwilini, lakini hamu bado ipo. Akawaeleza walivyofanya wengine. Dereva wa lori wa mtaa wa pili alikaa miezi mitatu kwenye nyumba ya matibabu, kwani walevi wenzake walikuwa wakimfuata mpaka mlangoni. Mwalimu mmoja mstaafu anasaidiwa na kikundi cha walioacha pombe, kinachokutana kila Alhamisi. Wengine huzungumza na mshauri faraghani. Wengine daktari huwaongezea dawa ya kupunguza hamu.

"Sasa ipi bora?" aliuliza Mama Pacha.

"Ile atakayoifuata. Ikigoma, tunajaribu nyingine au tunachanganya. Mtu hatupwi."

Kinyozi alianza na kikundi. Siku ya kwanza tu alirudi mbio. Nusu ya watu mle ndani walikuwa wateja wake! Miaka yote wao ndio waliommwagia siri zao huku ameshika vichwa vyao. Leo yeye awaambie za kwake? Wifi akaguna kwamba basi, kwisha habari. Nesi hakutetereka. Akampeleka kwa mshauri, na daktari akamwandikia dawa. Mama Pacha naye alikwenda, akajifunza kuacha kuwadanganya wateja kwamba mumewe ana homa.

Mwezi wa nne tangu atoke hospitali, kinyozi alialikwa harusini mji wa pili, akalala huko, na akateleza. Kesho yake mchana alirudi nyumbani, mkewe akampokea mkoba, wakasalimiana.

"Jana nilikunywa glasi mbili," kinyozi alisema. "Nimetoka kwa mshauri sasa hivi. Na Alhamisi nakwenda kwenye kikundi, wateja wacheke wakitaka."

Alhamisi alikwenda kweli, na hakucheka mtu. Mpaka leo anakwenda huko, na kwa mshauri pia. Huu ni mwezi wa tisa tangu harusi ile, hajaonja tena, na kibandani foleni imerudi.

Lakini mchana ule Mama Pacha hakuyajua hayo yajayo. Alisimama na mkoba mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Baba Pacha," alisema, "miaka yote nilikuwa nakunusa kwanza, ndipo nakusalimia. Leo nimesahau kukunusa."