Maziwa ya Ayro na Valvu ya Guled

Kila asubuhi Dahabo humkama ngamia wake, Ayro. Povu likiwa bado vuguvugu, humpelekea mwanawe bakuli.

"Kunywa, baba. Hii ndiyo dawa."

Guled ana valvu ya chuma moyoni, kilango kinachopitisha damu. Ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na maradhi utotoni, madaktari wakamwekea hiyo. Nyumba ikitulia, Dahabo huisikia: tik, tik, tik. Sauti hiyo ndiyo iliyomrudishia mwana.

Lakini sasa ni wiki ya tatu Guled ana homa. Jioni hutoka jasho hadi shuka inalowa. Amemaliza vidonge vya malaria, na anazidi kukonda.

Jirani yao Idil, muuguzi wa zahanati, alikuja kumjulia hali. Akaliona bakuli.

"Shangazi, maziwa haya yamechemshwa?"

Dahabo akacheka. "Wewe umezaliwa hapa Burao, au umeshushwa na ndege? Maziwa ya ngamia yakichemshwa, chuchu zinakauka!"

"Na Ayro si aliharibu mimba mwaka huu?"

Kicheko kikakatika. "Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua. Ngamia wako ana habari kuliko redio." Idil akakaa. "Yapo maradhi ya mifugo yanayoharibu mimba. Bakteria wake hutoka na maziwa. Mimi wakinipata, nitaugua homa. Lakini wakimfika Guled moyoni, watang'ang'ania chuma chake kama kupe. Ni nadra, lakini huua."

"Basi nimnunulie vidonge vikali zaidi?"

"Hata kimoja! Vidonge vya kubahatisha huwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo. Kwanza hospitali itoe damu, ipimwe. Guled, ukifika mlangoni tu useme: nina valvu ya chuma, nina homa. Na ile dawa yako ya kuzuia damu isigande, usiiache mwenyewe."

Walikwenda siku ileile. Damu ilikaa maabara siku kadhaa, bakteria wakaonekana: ni walewale wa mifugo. Guled alilazwa wiki sita, kisha akameza dawa kwa miezi. Nusura apasuliwe kifua tena. Valvu ikashikilia.

Siku hizi Dahabo huinjika sufuria kwanza, akangoja maziwa yatokote.

"Ayro atakauka!" jirani mwingine alimpigia kelele juu ya ua.

"Huu ni mwezi wa tano nachemsha. Njoo umkame, na uje na chombo kikubwa!"

Kisha akasogea mlangoni, akasikiliza. Ndani, Guled alikuwa akivaa viatu aende kazini. Tik, tik, tik.