Jogoo Asiye na Mkia

Siku ya gulio stendi ya Makambako haisikilizani. Tabea alikuwa ameketi nje ya duka la soda akisubiri basi la kurudi Njombe, sweta lake la kijani limefungwa vifungo vyote, furushi la nyuzi za kufumia miguuni. Pembeni yake kijana mwenye raba zilizojaa vumbi jekundu alikuwa akiitabasamia simu. Ilikuwa miaka ile simu za kupangusa zilipoanza kushuka bei, na Tabea hakuwa mtu wa kuona aibu kuchungulia.

"Umechora nini kwenye hiyo ramani, kaka?"

"Jogoo. Alfajiri nakimbia mitaani, simu inafuata nilikopita na kuchora mstari. Mgongo huu nimefuata reli."

"Mimi naona birika. Jogoo gani hana mkia?"

Kijana akacheka. Aliitwa Awadhi, msafirishaji wa viazi. Basi lilipopiga honi, walikuwa wameshapeana namba.

Tabea naye akaanza kukimbia kwenye vilima na baridi ya Njombe, suruali ya michezo ndani, kitenge juu, maana wazee wa usharika wanaamka mapema. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa parachichi. Alipomtumia, Awadhi akapiga simu papo hapo, akamsalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mama parachichi. Limeiva?"

"Kamwene. Bado, linamsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe yuko njiani, mpenzi."

Tabea alimpenda, na hakujificha kwamba alimpenda. Kitu kimoja tu kilimkera. Samaki wa Awadhi alikatika, kikombe kikakatika, hata moyo aliomchorea ukaishia njiani, daima kwenye kona ileile ng'ambo ya reli.

"Mbona unazima hapo?"

"Chaji, mpenzi."

"Kila siku chaji iishie kona moja?"

Awadhi akahamia kwenye bei ya viazi.

Erica, aliyefuma naye masweta, hakuzunguka. "Mwanaume anayezima simu kabla ya kufika kwake, kwake kuna mtu."

Neno hilo lilimwingia Tabea. Akaacha kupokea simu, ikawa inaita chini ya nyuzi mpaka inachoka. Usiku alilia. Mwishowe akachoka kukisia, akavaa gauni la bluu na sweta lake, akapanda basi la Makambako. Aliufuata ule moyo kwenye ramani mpaka ulipokatikia, akamuuliza muuza duka kwa Awadhi ni wapi.

"Nyumba ile yenye X."

Ukuta ulikuwa na X ya rangi nyekundu, ndefu kama mtu mzima. Nyumba za majirani pia zilikuwa na alama hiyo ya kubomolewa, maana barabara ilikuwa inapanuliwa. Barazani mwanamke mwenye kanga alikuwa akichambua mchele. Tabea akasogea. Mwanamke akainua uso. Alikuwa mtu mzima, mwenye macho ya Awadhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Tabea. Hilo sweta nimeonyeshwa kwenye simu mpaka nimelichoka. Mimi ndiye mama yake, Rukaya."

Awadhi alitoka ndani, akamwona, akatazama ule ukuta.

"Sikutaka uione," alisema. "Ningekuposa nikuweke wapi? Nilisema nikishajenga kwingine ndipo nikuambie."

"Na mimi nilidhani una mke humo ndani."

"Nina mama tu, na ana maneno kama wewe."

Tabea alitaka kumkasirikia, lakini alikuwa na furaha mno. Akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Wanabomoa lini?"

"Masika yakiisha," Bi Rukaya alijibu. "Mlango huo niliuingia bibi harusi, mwanangu. Huyu nimemzalia humo."

Tabea aliutazama mlango, kisha akamgeukia Awadhi.

"Basi wiki hii nenda kwa baba yangu. Ndoa tutafunga bomani, maana habari za msikiti na kanisa hatutazimaliza leo. Nami nataka niuingie mlango huu bibi harusi, kabla hawajaubomoa."

Bi Rukaya akasogea kumpisha Tabea mkekani.

"Baba yako ataniuliza nyumba iko wapi," alisema Awadhi.

"Mwambie iko Makambako," alisema Tabea. "Akitaka kuiona, awahi."