Kifaa Kigeni Hospitalini

Kila tulipotoka shule, mimi na mdogo wangu hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Tulipitia hospitalini alikofanya kazi mama, tukaketi katika chumba cha mafaili nyuma ya mapokezi na kufanya kazi zetu za shule mpaka mama amalize. Nyumbani tulikuwa hatupapendi tena. Baba alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa kubwa kuliko zamani.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alimbandika jina la Kinanda, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Baada ya msiba, ukimwuliza jambo alijibu kwa kichwa tu.

Mama alikuwa fundi wa mtandao wa kompyuta. Daktari akiandika dawa kwenye kompyuta yake, mfamasia aliiona papo hapo kwenye ya kwake, na kazi hiyo ilipita kwenye nyaya za mama. Siku zote mambo yalikwenda vizuri, na hakuna aliyemkumbuka.

Siku hiyo tulikuta foleni ya dawa imefika mlangoni. Mzee mmoja alikuwa amempakata mjukuu wake mwenye homa.

"Mwanangu, nipe hata nusu tu," alimsihi mfamasia.

"Babu, kompyuta zimegoma tangu asubuhi. Nisipoona alichoandika daktari, naweza kumpa mtoto sumu."

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mitambo, nyaya zimemzunguka.

"Kuna kifaa kigeni," alituambia bila kugeuka. "Mtu amechomeka ruta yake ya intaneti kwenye mtandao wetu, upande wa mapokezi. Kompyuta ikiwashwa huomba anwani. Sasa hiyo ruta inawahi kujibu kabla ya mtambo wetu. Ni kama mgeni anayeuliza njia, akaelekezwa nyumba siyo."

Mganga mkuu alikuwa nyuma yetu. "Tutafute nini?" alisema. "Si bibie wa mapokezi huyo? Mwezi uliopita tulimkuta na kifaa chake cha intaneti chini ya meza."

"Bosi, kile nilikirudisha nyumbani siku ile ile!" alilia anti wa mapokezi. "Tangu hapo hata chaja naogopa kuichomeka!"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Mganga mkuu hakucheka. "Nilikuambia, ukirudia huna kazi. Na ufunguo wa chumba cha mafaili unao wewe. Kusanya vitu vyako."

Mama alitoa simu yake ili aone kama ruta hiyo ilikuwa inarusha mawimbi. Nilimwona akibadilika uso. Nilichungulia. Katikati ya majina ya mitandao ya hospitali palikuwa na jina moja lisilo la hapo: Lipia Yako.

Hilo lilikuwa jina la mtandao wa nyumbani kwetu. Baba alilibuni kuwatania majirani waliomwomba neno la siri kila kukicha. "Wakifungua simu tu, jibu wanalo," alikuwa akisema, huku akicheka peke yake. Alipofariki, mama alisimamisha intaneti na kuifungia ruta kabatini.

Mama aliibana simu kifuani. Alimtazama Kinanda, kisha mganga mkuu. Anti alikuwa ameshachukua sweta na kikombe chake, machozi yakimdondoka.

"Ni mimi."

Sauti ilikuwa ndogo, hakuna aliyegeuka.

"Anti, usiende. Ni mimi!"

Kinanda alitupeleka chumba cha mafaili, akasogeza maboksi. Ruta ya baba ilikuwa ukutani kwa nyuma, taa zake za kijani zikipepesa.

"Niliichomeka jana," alisema. "Nilitaka kuliona jina tu. Nyumbani ungeliona, mama, ukalia. Nikadhani bila waya wa mtandao halitokei."

"Lingetokea, mwanangu," mama alisema taratibu. "Umeme tu ungetosha."

Aliinama, akachomoa waya, kisha umeme. Kinanda aliitazama simu ya mama mpaka jina likafutika. "Limeenda," alisema, akaangua kilio. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya mazishi.

Mama alimkumbatia kidogo tu. "Twende. Watu wanasubiri."

Mama na Kinanda walipita meza kwa meza wakizima na kuwasha kompyuta. Mfamasia alianza kuita majina, na mtoto mwenye homa akaitwa wa kwanza. Mganga mkuu alimwendea anti. "Nimekukosea, bibie. Nisamehe. Rudi kazini kwako." Kisha akatuambia kuwa sisi hatutaingia tena chumba cha mafaili, na mama alipewa onyo kwa kuturuhusu. Mama aliitikia bila kujitetea.

Kinanda alisimama mbele ya anti, kichwa chini.

"Wewe mtoto, ungenimaliza!" anti alisema, kisha akamvuta kwake. "Haya, pole. Poleni nyote."

Jioni tulikaa watatu kwenye benchi nje ya hospitali. Mama alikuwa ameipakata ruta kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Kumkumbuka baba yenu si kosa," alisema. "Kosa ni kunyamaza huku mwingine anaumia. Na mimi ni mtu mzima, lakini nilipoliona jina lile, nilisita. Nilijua, na bado nilisita. Kinanda amesema kweli kabla yangu."

Kinanda alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Msiba huu ni wetu," mama aliendelea. "Ni mzito, ndiyo. Lakini tukiuficha, utamwangukia mtu asiyehusika, kama anti, kama yule mtoto wa homa. Ukweli unauma, ila unamuuma mwenyewe. Kuanzia leo, ukimkosa baba, usitafute pa kujificha. Niambie mimi. Hata usiku niamshe."

"Na wewe ukimkosa?" Kinanda aliuliza.

Mama aliipapasa ruta. "Sasa hivi namkosa," alisema.

Tulimsogelea, mmoja kila upande.